Nataka kuwashonea ndugu zangu mablanketi ya viraka. Waliotangulia, mlijifunza nini?

SindanoMpya:
Habari zenu wanajamvi. Nimeshashona mito kadhaa ya viraka na mkono sasa unatii. Nataka kuwashonea watu wangu: mpwa wangu wa miaka mitano, mdogo wake ambaye bado yuko tumboni, na mama. Mama ana mashati ya marehemu baba kwenye sanduku, na ni yeye mwenyewe aliyeniambia niyatafutie kazi.

Ya kukata na kuunga najua pa kuyasoma. Nataka yale mliyoyajua baada ya blanketi kutoka mikononi mwenu na kuanza kutumika.

PindoMbili:
Fua vitambaa vyote kabla ya kukata. Pamba mpya hupungua kama asilimia 3 hadi 5 ikifuliwa, na havipungui vyote sawa. Nyekundu na buluu iliyokoza zichunge zaidi: lowesha kona, iweke juu ya kitambaa cheupe, piga pasi, uone kama rangi inahama. Mengine nawaachia wakongwe.

MamaViraka:
PindoMbili, hapo kwenye kufua nakubali nusu. Wapo wanaopenda ile mikunyato midogo inayojitokeza blanketi likifuliwa mara ya kwanza, nao hawafui kitu kabla, na mablanketi yao ni mazuri tu. Kibaya ni kuchanganya. Mashati ya huyu mzee yamefuliwa miaka na miaka, hayana tena cha kupungua. Ukiyaunga na kitambaa kipya ambacho hakijagusa maji, kipya kitajivuta na shati litabaki limefura kama shavu.

Haya, SindanoMpya mwanangu. Nimeshonea karibu ukoo mzima, na siku hizi simuulizi mtu anapenda rangi gani. Namuuliza: nani atalifua, na atalianika wapi? Rangi mtu huizoea. Blanketi ambalo hajui kulifua huishia kabatini.

Mjomba wangu nilimpa blanketi la nyota, kubwa, machozi yakamlenga. Kisha akalikunja, akalitia kwenye mfuko wa nailoni, akalipandisha juu ya kabati. Wageni wakija linashushwa, linasifiwa, linarudi juu, kila mara kwa mikunjo ile ile. Miaka ikapita. Nilipolikunjua mwenyewe, nyuzi zilikuwa zimeanza kukatika kwenye mistari ya mkunjo, na kitandani kwake kumetandikwa blanketi la dukani! Tangu hapo simpi mtu blanketi likiwa jipya. Nalifua kwanza kwangu, nalianika, nalipeleka likiwa limeshalegea na kujikunyata. Mtu akiliona hivyo haliogopi. Kwa nyuma, kwenye kona, nashonea kipande chenye jina lake, mwaka, na maelekezo: maji baridi, sabuni isiyo kali, bila dawa ya kung'arisha. Likilowa huwa zito, kwa hiyo lisining'inizwe kwenye kamba moja, mishono yote itabeba uzito huo. Litandazwe juu ya kamba mbili tatu, kivulini.

La huyo aliye tumboni, shona, lakini mama yake aelewe kwamba si la kulalia. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka 1 hawekewi blanketi wala mto kitandani, ni hatari kwa pumzi yake. Madaktari wa watoto hawatanii hapo. Mshonee la kutandaza sakafuni achezee akiwa macho na mtu yupo. Mita 1 kwa mita 1 inatosha. Usitie vifungo, shanga wala riboni.

La mama yako, kwanza mtazame anavyoishi. Analala nalo, au anajifunika miguu akiwa amekaa? La kwenye kiti, sentimita 120 kwa 150 zinatosha, na likizidi hapo ataanza kulikanyaga akiinuka. La kitandani, pima godoro likiwa mahali pake, na unene wake uuhesabu pande zote mbili. Godoro la upana wa 150 na unene wa 20 linataka 190, kisha ongeza kidogo, maana mishono ya kushikamanisha matabaka huvuta blanketi ndani. Na tabaka la katikati, lile la kujaza, liwe jepesi. Wazee wengi nilioshonea hulalamikia uzito kabla ya baridi.

SindanoMpya:
Asante sana mama. Hilo la kulifua kabla ya kulitoa sikuwahi kulisikia. Swali: mpwa wangu akipata lake kabla ya mdogo wake kuzaliwa, kuna ubaya? Na mashati nianzie wapi? Yako ya pamba tupu, mengine yanateleza.

MamaViraka:
Mpe lake mapema, hata ni vizuri, asije akaona mdogo wake ndiye aliyeleta zawadi. Ila weka akiba ya kitambaa cha pindo. Blanketi la mtoto huisha pindoni kwanza, kwa sababu ndipo anapolishika akiliburuta na ndipo anapotafuna. Mimi hukata utepe wa sentimita 6 na nusu, naukunja mara mbili kwa urefu ili pindo liwe la tabaka mbili. Likichakaa unalibandua, unatia jipya, na blanketi linaendelea na maisha.

Mashati namwachia NyuziNne, huyo ndiye fundi wake.

NyuziNne:
Nimeitwa nimekuja. Kabla ya mkasi, waulize ndugu zako wote. Mama ameruhusu, sawa, lakini kwetu ni dada mkubwa aliyenuna, kumbe kuna shati moja alilitaka liwe zima. Hilo liweke pembeni, halikatwi.

Kitambaa kizuri kiko mgongoni, hapo ndipo utapata vipande vikubwa. Mikono inafuata. Kola na viwiko viache, vimeshalika. Inua shati kwenye mwanga wa dirisha: ukiona mwanga unapenya sehemu moja kuliko nyingine, hapo pameisha hata kama macho hayaoni.

Yale yanayoteleza hayapigwi pasi ya moto wa pamba, yatayeyuka. Upande wa nyuma yabandike kitambaa chembamba chenye gundi ya pasi, kwa moto mdogo, ndipo ukate. Bila hivyo kila kipande kitanyooka unavyokigusa, na vile vilivyokatwa mshazari ndiyo balaa kabisa. Ukiunga, shikilia milimita 6 kati ya mshono na ukingo wa kitambaa bila kuyumba. Ukizidisha milimita 1 tu, kila mshono unakula 2, na safu ya vipande 12 inapungua milimita 22. Safu ya pili ikiwa sahihi, hazitakutana. Pasi ikandamize tu, usiisukume.

Mfuko wa kifuani usiubandue. Kata kipande pamoja na mfuko wake.

PindoMbili:
Naongeza moja: kipande cha mfuko kiweke karibu na ukingo, usawa wa mkono. Katikati ya blanketi ni shida kushona juu ya tabaka zote hizo, cherehani inaruka mishono.

SindanoMpya:
Na vifungo je? Mama amesema nisitupe hata kimoja.

NyuziNne:
Usivikate kabisa. Kata upande wote wa mbele wa shati likiwa limefungwa vifungo, uufanye mgongo wa foronya. Unaifungua kwa vifungo vile vile, na zipu huhitaji.