Sororiti za Marekani: tunalipa ili mabinti zetu wakaguliwe, halafu tunaambiwa eti wanachaguana

Wana jukwaa, habari zenu. Uzi huu ni wa hasira, nasema mapema ili asitokee mtu wa kuniambia nitulie. Mods naomba msiuhamishie kule kwenye urembo na mitindo. Hauhusu urembo. Unahusu pesa na dharau.

Naishi Houston, nabeba boksi kama wengine, zamu za usiku kwenye nyumba ya kutunza wazee. Binti yangu mkubwa anaanza mwaka wa kwanza Agosti hii, chuo kikubwa cha serikali huku huku Kusini. Jina la chuo silitaji maana bado ni lazima akasome pale. Mimi nilijua kazi ya kiangazi hiki ni kuhangaikia mkopo, shuka za bweni na chanjo. Kumbe kuna mtihani mwingine kabla vipindi havijaanza, na wenzetu walianza kuwaandaa mabinti zao tangu wakiwa sekondari.

Kwa mlioko nyumbani: sororiti ni vyama vya wasichana vyuoni, vina majina ya herufi za Kigiriki na kwenye vyuo vikubwa vina majumba yao ya fahari yenye nguzo nyeupe mbele. Vile vikubwa 26 viko chini ya mwavuli wa National Panhellenic Conference, ambao ulianza 1902. Vyuo vingi vya Kusini hufanya wiki ya kuchukua wanachama wapya mwezi wa nane, kabla ya masomo. Pale University of Alabama peke yake wasichana zaidi ya 2,500 hujitokeza kwa mwaka mmoja, na mwaka 2021 video zao za TikTok, wakionyesha wamevaa nini siku hiyo na hereni zimetoka duka gani, zilisambaa dunia nzima. Mwanangu alikuwa mtoto mdogo wa shule akizitazama. Hapo ndipo balaa lilipoingia nyumbani kwangu.

Sasa nianze na hela, maana ndiyo iliyonifanya nifungue uzi.

Kwanza kuna ada ya kujiandikisha. Unalipa ili uruhusiwe kuingia kwenye hiyo wiki, na hairudishwi. Hairudishwi ukikatwa siku ya kwanza, hairudishwi ukiugua, hairudishwi ukiamua mwenyewe kuondoka. Hapo hujawa mwanachama wa chochote. Jamani, ni sawa na kutoa mchango wa harusi kwanza, halafu kamati ndiyo ikae kujadili kama wewe ni mtu wa kupewa kadi.

Ukishalipa, fomu. Picha iliyopigwa vizuri, alama za sekondari, wasifu mzima kama wa mtu anayeomba kazi benki, saa ulizojitolea, uongozi ulioshika. Vyuo vingi tangu wakati wa korona vinataka na video ya kujitambulisha. Mwanangu ameirekodi hiyo video sebuleni mpaka wadogo zake wameikariri. "Hi, I'm so excited!" Kila siku ninapoamka kwenda kazini nakutana na hiyo excited.

Halafu nguo. Hapa nilidhani nitapumua, maana kushona nguo za shughuli mimi sijambo. Kumbe kila siku ya wiki ile ina vazi lake. Siku ya kwanza fulana wanayogawiwa na kaptura. Siku ya kazi za hisani gauni jepesi. Siku ya kuzungumzia udada gauni jingine, zuri zaidi. Siku ya mwisho, ile wanayoiita Preference, unavaa kama unakwenda kuposwa. Na viatu vyake, na hereni zake, na mkoba wa akiba wenye feni ya mkononi, plasta za malengelenge na kitambaa cha kufuta jasho, kwa sababu watoto wanatembezwa nyumba hadi nyumba kwenye jua la Agosti la huku, ambalo aliyekaa Dar mwezi wa pili analielewa.

Eti sare si lazima. Wameandika hivyo kwenye tovuti, vaa unachojisikia huru nacho. Nendeni mkaone kwenye kundi la akina mama nililoingizwa na mama mmoja wa pale mtaani. Mle ndani hakuna aliyejisikia huru. Kuna mama ameweka picha za viatu vya raba vya Kiitaliano, zaidi ya dola 500, vimechafuliwa kiwandani makusudi ili vionekane vimevaliwa. Nikauliza kwa adabu, hivi si unaweza kununua vya dola 40 ukavichafua mwenyewe? Kimya. Baadaye yule mama aliyeniingiza akanifuata pembeni kuniambia nisiwe naandika vitu kama vile.

Na kuna washauri. Ndiyo, ushauri wa kuingia sororiti ni biashara kamili huku. Wapo wanaotoza maelfu ya dola kumfundisha binti wa miaka 18 namna ya kukaa, kucheka, kujibu, na kuzifuta picha zake za mtandaoni. Mimi sikulipa maelfu, sina. Nililipia mazungumzo ya simu ya nusu saa kwa mmoja wao baada ya binti kulia wiki nzima. Nikaambiwa mambo mawili ya maana, la kwanza ni mada ambazo binti asiguse akiwa ndani ya nyumba zile: wavulana, pombe, dini, siasa na pesa.

Tusimame hapo kwenye pesa. Ada za hivi vyama kwenye vyuo vikubwa vya Kusini ni maelfu ya dola kwa muhula, na mwaka wa kwanza ndio mzito zaidi kwa sababu kuna ada ya mwanachama mpya, beji na mengineyo. Ukienda kwenye tovuti utakuta wastani. Wastani! Mimi silipi wastani, nalipa bili. Kwenye wastani huoni fulana za kila tukio, picha, zawadi za dada mkubwa na dada mdogo (mwanachama wa zamani na mpya anayepangiwa kumlea), faini za kukosa kikao. Kwa hiyo kila kitu pale kinaendeshwa na hela, lakini mtoto wa mbeba boksi akiuliza ni shilingi ngapi ataonekana hana adabu. Kwa wenzake wala si tatizo, mama zao walipita humo humo, wanajua kila senti inakwenda wapi.

Jambo la pili la mshauri lilihusu nywele. Nilikuwa nimemsuka mwenyewe, rasta ndogo ndogo, kazi ya siku yangu ya mapumziko nzima, na zimemkaa vizuri kweli kweli. Yule dada kwenye simu, kwa sauti tamu kabisa, akasema zinapendeza ila "tufikirie muonekano wa kawaida zaidi". Wa kawaida kwa nani? Sikujibu kitu maana binti alikuwa ananitazama usoni. Usiku wake nikiwa kazini akanitumia ujumbe: mama, nizifumue? Nilikaa chooni kazini nikatetemeka kwa hasira. Nikamwambia fumua ukitaka kufumua, lakini usifumue kwa ajili ya mtu aliyelipwa na mama yako.

Hajazifumua mpaka leo. Wala hajasema hatazifumua.

Mnajua kinachoniuma zaidi? Haya maandalizi yote yanauzwa kana kwamba mlango uko wazi, wewe jiandae tu. Si kweli. Wakati mwanangu anafanya mazoezi ya kucheka mbele ya kioo, vyama vinakuwa na fomu na picha za wasichana kabla hata hawajafika kwenye ile milango, na wanachama wanaziangalia na kujadili majina. Ndiyo maana wenye koneksheni hawana presha. Zamani kulikuwa na barua za mapendekezo, wanawake waliowahi kuwa wanachama wanakuandikia, kwa hiyo ukiwa huna shangazi wala jirani aliyepita humo ulikuwa umeishia hapo. Kuanzia 2020 vyama kadhaa vilitangaza kuondoa upendeleo kwa mabinti na wajukuu wa wanachama, na barua nazo zimepungua nguvu. Sawa, nawapa haki yao. Lakini mama aliyekuwa mwanachama anajua rangi gani ya gauni, nyumba ipi ina sifa gani, binti aseme nini akiulizwa kwa nini yuko pale. Hiyo hakuna tangazo linaloweza kuiondoa. Mwanangu hana mtu wa kumrithisha hayo. Mimi chuo nilichosoma sisi tulikuwa tunagombania maji bwenini.

Na mfumo wenyewe niliusoma usiku mmoja wazee walipolala. Kila jioni wasichana wanapanga nyumba kwa kadiri wanavyozipenda, nyumba nazo zinapanga wasichana, kompyuta inalinganisha. Wanasema ni kuchaguana. Kila nyumba inapewa idadi ya wasichana inaoruhusiwa kuwaita tena, kufuatana na rekodi zake za miaka ya nyuma, kwa hiyo nyumba zinazogombaniwa zinatakiwa kukata wengi mapema. Kwa hilo sina ugomvi sana, afadhali ukatwe mapema kuliko kuzungushwa mpaka siku ya mwisho ukiwa na matumaini. Ugomvi wangu ni mwisho wake. Baada ya Preference binti anatia saini mkataba. Nyumba alizoziandika pale, ikimwita mojawapo akakataa, haruhusiwi kujiunga na chama kingine cha mwavuli ule hapo chuoni mpaka msimu mkuu wa mwaka unaofuata. Mtoto amechoka, amelia, miguu ina malengelenge, anapewa karatasi asaini palepale. Mimi nikinunua gari bovu la mtumba napewa muda wa kusoma.

Kuna mtu atasema mama unaleta ubaguzi kwenye kila kitu. Haya. Juni 1963 wanafunzi weusi wawili, Vivian Malone na James Hood, waliingia University of Alabama gavana George Wallace akiwa amesimama mlangoni kuwazuia. Septemba 2013, miaka 50 baadaye, gazeti la wanafunzi la chuo kile kile, The Crimson White, liliandika jinsi wasichana weusi wenye sifa zote walivyokuwa wakiachwa na sororiti za wazungu, na wanachama wa zamani wakihusika kuwazuia. Rais wa chuo wa wakati huo, Judy Bonner, akaagiza milango ifunguliwe tena nje ya ile wiki. Sijasimuliwa, ni mambo ya kwenye rekodi, na ni 2013, mwanangu alishazaliwa na alikuwa anajua kusoma. Kwa hiyo dada wa kwenye simu akisema "muonekano wa kawaida", mimi najua ile kawaida imetoka wapi.

Mtaniambia pia aende kwenye sororiti za weusi. Wazo zuri, na mimi ndiko moyo wangu uliko. Alpha Kappa Alpha ilianzishwa Howard University 1908, Delta Sigma Theta hapo hapo 1913, Zeta Phi Beta 1920, Sigma Gamma Rho ikazaliwa Indianapolis 1922. Kamala Harris ni wa Alpha Kappa Alpha. Wale uanachama wao ni wa maisha, utamkuta bibi wa miaka 80 bado anavaa rangi zake na bado anatumwa kazi za jamii. Lakini taratibu zao ni tofauti kabisa, kwa kawaida mtoto wa mwaka wa kwanza ambaye hajaingia hata darasani hapokelewi, anatakiwa awe na matokeo ya chuo kwanza. Tena mambo yao hayatangazwi kwenye TikTok, unatakiwa utulie, ufanye kazi, uonekane. Nimemweleza binti. Ananiambia, "Mama, Agosti nitakuwa simjui mtu hata mmoja." Wanafunzi zaidi ya elfu thelathini, na hamjui hata mmoja. Hapo nimekosa la kusema, maana nami nilifika nchi hii hivyo hivyo.

Simkatazi. Ada imeshalipwa na haitarudi, magauni mawili nimeshashona, la siku ya mwisho nalimalizia. Akienda akapata marafiki nitashukuru Mungu. Ila msinilazimishe nipige makofi.

Ninachoomba kwenu wenye mabinti waliopita huko, Texas, Georgia, Alabama, popote: wekeni hapa bili halisi. Si wastani, si "ilikuwa experience nzuri". Mwaka wa kwanza ulilipa nini na nini, faini zilikuwa za nini, na binti akitaka kutoka katikati ya mwaka anaendelea kudaiwa au la? Na kama kuna aliyekwenda na rasta zake akapokelewa vizuri, tafadhali aniambie ni chuo gani, nimsomee mwanangu kwa sauti.

Wauza ushauri msinifuate inbox. Tayari kuna mmoja.