Mrejesho: Mfarishi wa viraka vya kanga umekamilika

Ndugu zangu, mwezi wa Februari niliwauliza jinsi ya kuzuia kanga kuchuja rangi katika mfarishi ninaoushona kwa mkono, na kwa nini matabaka yake matatu yalikuwa yakihama kila nilipopitisha sindano. Nilifuata ushauri wenu: nililoweka kila kanga peke yake kwa maji baridi hadi maji yakatoka meupe, kisha nikapiga bandi nikianzia katikati kuelekea pembeni, ili kitambaa cha juu, pamba na bitana vishikane kabla ya kushona mishono midogo. Kanga moja nyekundu ilikataa katakata kuacha kuchuja, nikaitoa, ingawa jina lake nililipenda.

Mwezi wa Aprili, watoto wakiwa likizo, tuliondoka Sydney kwenda Canberra, tukautandika mfarishi kando ya Ziwa Burley Griffin. Baridi ilikuwa kali, hivyo baada ya chai tuligeuza mkeka kuwa blanketi. Hapo niliwasimulia watoto kuhusu mfarishi wa Rajah, ulioshonwa mwaka 1841 na wanawake wafungwa ndani ya meli ya jina hilo, wakisafirishwa kutoka Uingereza hadi Hobart, ambao sasa unahifadhiwa katika Jumba la Sanaa la Taifa mjini Canberra. Binti yangu aliuliza kama wanawake wale walikuwa na cherehani.

Doa la mchuzi wa nyanya kwenye mfarishi bado halijatoka.