Watoto wa Kuka, babu yetu (kikundi cha familia): Lamu Novemba

IJUMAA

Nekesa, 19:04
Habari za jioni familia. Nimerudi na ile habari ya safari ya Lamu. Shule zikifungwa tu, Novemba mwanzoni, kabla bei za Krismasi hazijapanda. Nataka majina leo. Si kesho.

Nekesa, 19:07
Hesabu imekaa hivi. Nakuru mpaka Nairobi kila mtu ajilipie matatu. Syokimau tunapanda treni ya saa nne usiku, viti vya kawaida ni 1,500 mtu mzima, watoto wa miaka 3 hadi 11 nusu. Tunalala humo humo, pesa ya chumba usiku huo imeokoka. Kabla hakujapambazuka tuko Miritini, kituo cha Mombasa, tunaunganisha na basi la Lamu asubuhi hiyo hiyo.

Simiyu, 19:15
Kulala kwa vile viti? Vimenyooka kama vya kanisa.

Nekesa, 19:16
Simiyu andika "niko" au "siko".

Simiyu, 19:16
Kwanza nijue kama punda wa huko wanabeba watu wazito. Namuulizia Anko Barasa 😂

Mama Tabi, 19:20
😂😂😂

Nekesa, 19:33
Punda wapo, magari ni ya kuhesabu. Basi linaishia Mokowe, pale tunavuka kwa boti. Hatulali Shela, vyumba vya huko ni vya wenye pesa zao. Tunachukua nyumba moja nzima mji wa kale, yenye jiko, tunagawana kodi. Samaki tunanunua sokoni karibu na ngome, tunapika. Ufukwe wa Shela una kilomita kama 12 za mchanga na hakuna wa kukutoza. Kutoka mjini ni miguu tu, dakika kama 40 kando ya maji. Mashua ya kwenda kisiwa cha Manda tunakodi moja, bei tunapatana na nahodha kabla hatujapanda, si tukiwa katikati ya maji.

Nekesa, 19:35
Kila mtu mzima abebe kitambulisho, toka Garsen kwenda mbele kuna vizuizi vya usalama. Na wadada mbebe leso. Ule ni mji wa dini, tusiwatie watu aibu.

Nekesa, 20:50
Naona mmesoma. Mbona kimya?

Mama Tabi, 21:02
Mimi niko, na watoto wawili. Tabi amefurahi mpaka hali.

Wekesa, 21:48
Nimetoka kazini sasa. Swali langu ni moja, kwa nini tuvuke nchi nzima kutafuta kisiwa? Njooni huku Kisumu, twende Luanda Kotieno, kivuko cha Ziwa Victoria mpaka Mbita. Kisiwani Mfangano kuna michoro ya kale ya miamba, Rusinga kuna kaburi la Tom Mboya, watoto wajifunze. Mbuta mtakula mpaka mkatae. Nauli ni nusu ya hiyo, pengine hata nusu haifiki.

Simiyu, 21:50
Na kichocho mnapewa bure 😂

Wekesa, 21:51
Si lazima uogelee bwana.

Simiyu, 21:51
Likizo ya kisiwani bila kuogelea? Hiyo ni semina.

Nekesa, 21:55
Wekesa Lamu tulishakubaliana Pasaka. Ulikuwepo.

Nafula, 22:31
Na mimi nina swali. Nani anashika pesa?

Nekesa, 22:32
Mimi.

Nafula, 22:33
Kwa sababu ile elfu nne yangu ya Diani mpaka leo sijaiona. Na aliyeishika ndiye huyu anatupangia Mfangano.

Wekesa, 22:40
Nafula hayo tuliyamaliza siku ya matanga.

Nafula, 22:41
Uliyamaliza wewe. Watoto wangu walikaa Mtito Andei wakingoja basi la Diani saa tisa hadi giza, na mifuko yao ya kuogelea mapajani. Mimi ndiye niliwaambia basi haliji.

Nekesa, 22:44
Jamani tusirudi huko. Majina tafadhali.

JUMAMOSI

Senge Nasimiyu, 05:38
Nimesoma yote, mimi shangazi yenu. Baba yetu alifanya kazi reli hapo Nakuru mpaka akastaafu. Alimpandisha Mama treni hadi Kampala, lakini baharini hakumfikisha. Alikuwa akimwambia mwaka ujao, mwaka ujao, mpaka tukamzika. Hesabu ya Nekesa nimeiangalia juu hadi chini, jina la Kukhu, bibi yenu, halimo. Wekesa, ziwa Kukhu amelijua toka usichana. Na pesa ya Nafula irudi kabla ya mtu yeyote kukata tikiti.

Nekesa, 06:10
Nimesikia Senge.

Simiyu, 06:31
Nimesikia Senge. Samahani kwa mzaha.

Mama Tabi, 07:15
Sasa tuongee ukweli kuhusu magoti ya Kukhu. Zile saa za basi baada ya treni, halafu boti?

Nekesa, 07:22
Hapo ndipo nimekwama tangu asubuhi. Maji yakitoka, ngazi za gati zinateleza. Na nyumba za Lamu ngazi zake ni za wima, tutataka chumba cha chini.

Mama Tabi, 07:26
Mombasa nayo si kisiwa? Treni ya mchana, Kukhu akae dirishani aone Tsavo. Tukishuka hapo Kukhu hapandi boti, ni gari mpaka mjini. Pale bustani ya Mama Ngina anakaa kwenye benchi na bahari iko mbele yake, halipi chochote. Feri ya Likoni, ukivuka bila gari, ni bure. Anayetaka Lamu aendelee kesho yake na Nekesa.

Nekesa, 07:41
Tugawanyike?

Nafula, 08:03
Nani anabaki na Kukhu?

Wekesa, 11:20
Senge nimesoma. Nafula nimekutumia elfu mbili, mbili nyingine mwisho wa mwezi.

Nafula, 11:34
Imefika.

Nekesa, 11:35
Nafula kwa hiyo nikuandike?

Nekesa, 13:10
Mpaka sasa: Kukhu, Senge, Mama Tabi na wawili, mimi. Treni ya mchana badala ya usiku. Lamu bado tunaongea. Tikiti zinakatwa kwa simu, *639#, na viti vya Novemba havitatungoja. Simiyu?

Anko Barasa, 16:47
Nimeona jina langu na punda. Mimi nabaki na Kukhu Mombasa. Tarehe ni ipi?