Tupeane uzoefu: yaliyokukuta kwenye felowshipi ya chuo, Mwanza na visiwani

Mwana Malimbe:
Wakuu, mwangaluka. Juzi nimepanda daladala ya Nyegezi, mbele yangu wamekaa vijana wa mwaka wa kwanza na Biblia zao mpya za zipu, wanabishana nani abebe spika kwenda kwenye kesha. Nimecheka peke yangu mpaka konda akanikodolea macho. Wakati wetu spika ilitoka geto kwa katibu, inapanda kilima kichwani mwa mtu, mkifika darasani mnakuta kufuli. Mlinzi anawaambia ufunguo anao fulani, na fulani kaenda Sengerema kumzika shangazi.

Basi tupeane uzoefu. Uliyekesha juu ya mawe, uliyekwenda misheni visiwani, uliyekula wali ulioungua kwenye kongamano la Pasaka, uliyeoteshwa mke. Leta uliyoyaona mwenyewe, ya kuhadithiwa baki nayo. Madhehebu yote karibuni, ila tusigombane.

Ngosha wa Buhongwa:
"Tusigombane" halafu umetaja kuoteshwa mke. Haya, navuta kiti.

Binti wa Kirumba:
Nianze na kesha la mawe. Tulikuwa tunapanda juu kabisa, taa za mji wote ziko chini, ziwa jeusi tii. Saa nane usiku mwombezi wetu mkuu amefika kwenye kukemea roho za ukoo, ghafla nyuma ya jiwe ikapigwa kelele, lakini kelele! Inaanza kama mtoto analia, inapanda, inaishia kama mtu ananyongwa. Kaka mmoja wa uhasibu akashuka lile jiwe bila viatu. Waombezi wakazidisha, na kile kitu nacho kikazidisha. Kulipopambazuka, pimbi wamejipanga juu ya mwamba wanaota jua, wanatuangalia.

Mwana Malimbe:
@Binti wa Kirumba 😂😂 yule kaka wa uhasibu sasa hivi ni mchungaji, nakuhakikishia.

Mzee wa Mkolani:
Nami nilikemea pimbi mwaka wangu wa kwanza. Hakuna aliyetuambia.

Jicho Kavu:
Tuseme ukweli. Felowshipi za chuo ni mahali pa kutafutia wachumba, Biblia ni kitambulisho cha kupitia getini. Kuna jamaa aliwaambia dada watatu, kwa nyakati tofauti, kwamba Bwana amemwonyesha mke. Wote watatu walikuwa wanakaa chumba kimoja.

Mama Kulwa:
@Jicho Kavu wewe umeona hilo, mimi nimeona jingine. Nilikuja Mwanza kutoka Songea, sina ndugu hata wa kusingiziwa. Mwaka wa pili nikalazwa Bugando, upasuaji. Nilipozinduka kuna karatasi ya daftari imebandikwa ukutani, zamu: nani analeta uji asubuhi, nani analala chini ya kitanda, nani anachukua mihadhara anakuja kunisomea. Majina mengine nilikuwa siyajui kabisa. Kile kilima cha Bugando walikipanda kwa miguu, chupa ya chai mkononi, kwa sababu nauli hawakuwa nayo, bumu, yaani pesa ya mkopo wa chuo, lilikuwa bado. Kuna mmoja alikuwa anakuja na uji wa chumvi. Nilikuwa nauchukia ule uji. Niliunywa wote. Sasa usiniambie habari za kitambulisho cha getini.

Jicho Kavu:
Dada yangu nimekusikia. Ila wale watatu wa chumba kimoja nao walikuwepo.

Ngosha wa Buhongwa:
Mambo ya bumu msiyapite hivihivi. Sisi tulifundishwa kutoa fungu la kumi la bumu, na tulitoa. Leo niko kazini, Bodi ya Mikopo inanikata asilimia 15 ya mshahara. Kwa hiyo ninalipa na lile fungu la kumi nililomtolea Mungu. Nisaidieni hesabu hapo.

Mzee wa Mkolani:
Mkopo siyo mapato. Deni halitolewi fungu la kumi. Mlipotoshwa.

Mpendwa Halisi:
Kila kiingiacho mkononi mwako ni baraka. Mbona vocha na chipsi mlinunua kwa hilohilo deni na hamkuuliza hesabu?

Mzee wa Mkolani:
Chipsi haijawahi kusimama madhabahuni ikaniahidi mara mia.

Mpendwa Halisi:
Huo ni ubishi tu, mzee wangu. Bwana akusaidie.

Ngosha wa Buhongwa:
Na hesabu yangu hamjanisaidia.

Mjukuu wa Mvuvi:
Kwa kuwa mmetaja misheni ya visiwani imebidi nijisajili upya, nenosiri la zamani nilishasahau.

Ilikuwa likizo ndefu, 2019. Chuo sikitaji. Tumemaliza misheni kwenye kisiwa kimoja kidogo upande wa Ukerewe. Tumeshuhudia nyumba kwa nyumba, tumefanya mikutano jioni kwa jenereta, tumebatiza watu ziwani. Mwenye boti alisema tuondoke alfajiri, maji yakiwa yamelala. Mhubiri akasema kuna mama mmoja hajaombewa. Akaombewa. Halafu wenyeji wakaleta ugali na sato, utakataaje? Tunaingia majini jua limeshavuka utosi na upepo umeshaamka.

Boti ya mbao, injini ya kufunga nyuma. Watu zaidi ya ishirini, spika mbili, jenereta, masufuria, na mbuzi tuliyepewa sadaka. Maboya yalikuwa machache, wakavaa akina dada, na moja likavalishwa kinanda. Narudia: boya la kuokolea uhai likavalishwa kinanda. Kilikuwa cha kuazima, na mzee wa kanisa aliyetuazima alishasema kikilowa tusirudi.

Katikati ya maji injini ikakohoa, ikazima. Nahodha akachomoa plagi, akaifuta kwa fulana, akaipuliza, akairudisha, akavuta kamba. Wapi. Akafanya tena na tena mpaka kamba ikamkatikia mkononi. Boti ikizimika haikai ilivyokuwa, inageuka inayapa mawimbi ubavu, na hapo ndipo maji yanaanza kuingia kwa fujo. Tukachota kwa dumu lililokatwa na kwa sufuria ya maharage. Na huu ni mwaka uliofuatia ule wa kuzama kwa kivuko cha MV Nyerere, Septemba 2018, watu zaidi ya 200 wamekufa pale Ukara wakiwa wanaiona gati. Kila mtu kwenye ile boti alikuwa anawaza hilo na hakuna aliyelitamka.

Tukaimba. Kuimba huku unachota maji pumzi haitoshi, tukaacha. Tukaomba. Giza likaingia. Ndipo dada mmoja wa mwaka wa pili, mpole, hata kwenye kikao alikuwa haongei, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: kama humu kuna Yona, ajitaje.

Wapendwa, walijitaja.

Wa kwanza aliingia na karatasi kwenye mtihani wa takwimu. Wa pili ana mtoto Geita, na mchumba wake, mwanafelowshipi mwenzetu, hajui. Mchumba yuko benchi hiyohiyo ameshika sufuria. Alimtazama, akamwaga maji yaliyokuwa ndani, akainama kuchota mengine. Mara mweka hazina akasimama, nahodha anamfokea akae, hasikii. Zile pesa za sare za kwaya. Zile ambazo mwaka mzima tulifunga na kuomba mwizi aliyevunja geto lake apatikane, na yeye mwenyewe ndiye alikuwa anaongoza hayo maombi. Hazikuibiwa. Aliziweka kwenye mkeka wa kubeti, timu moja ikamchania dakika za nyongeza.

Mbuzi akalia. Mnacheka sasa. Siku ile hakuna aliyecheka.

Tuliokolewa na watu wa dagaa. Mwezi haukuwepo, na giza kama lile ndilo la dagaa, taa zinaelea juu ya maji wanazifuata. Tukaziona kwa mbali. Spika moja ilikuwa ya chaji, mwimbishaji akashika maiki: "Jamani tunakufa! Jamani okoeni!" mpaka chaji ikaisha. Wakaja, wakatufunga kamba, wakatuvuta. Nahodha wao akatuambia walitusikia muda mrefu tu, ila walidhani ni mkutano wa injili huko ng'ambo, wakaendelea na dagaa wao. Ilipokata ghafla ndipo wakashtuka, kwa sababu wahubiri hawamaliziagi hivyo.

Mwana Malimbe:
Uzi umefungwa. Aliyekuja na pimbi aende na pimbi wake.

Binti wa Kirumba:
Nimekuwa wa jana leo hii 😂 Haya tuambie, mchumba je?

Jicho Kavu:
Pesa alirudisha?

Sato wa Igombe:
Mimi nilikuwemo kwenye hiyo boti. Mkuu umeeleza vizuri ila umeweka nakshi. Mweka hazina hakusema alibeti, alisema "nilizizungusha". Mambo ya mkeka yalijulikana baadaye kwenye kikao. Na mbuzi walikuwa wawili.

Mjukuu wa Mvuvi:
Mbuzi alikuwa mmoja.

Sato wa Igombe:
Wawili. Mdogo alikuwa amelala chini ya turubai, mimi ndiye nilimkalia.

Ngosha wa Buhongwa:
Swali langu ni huyo dada wa Yona. Yeye alijitaja?

Sato wa Igombe:
Hakujitaja. Na hakuna aliyethubutu kumuuliza mpaka tunamaliza chuo.

Katekista Mstaafu:
Ndiyo maana sisi tuna kitubio na padri, siri inabaki hapo. Mkiachia watu waungame kwenye boti, matokeo yake ndiyo hayo.

Mpendwa Halisi:
Biblia inasema ungamianeni dhambi zenu ninyi kwa ninyi. Haikusema muwe nchi kavu.

Jicho Kavu:
Toba ya kwenye maji si toba. Mngefika salama mchana angeungama? Wiki ijayo mngekuwa mnafunga tena kumtafuta mwizi.

Mama Kulwa:
Alishaungama, basi. Kuna watu wamezama na zao.

Mjukuu wa Mvuvi:
Pesa alilipa kidogokidogo kila bumu likitoka, sare zilipatikana tukiwa tunakaribia mahafali. Zikawa zinawabana. Mchumba na yule kaka walioana, na mtoto wa Geita wanakaa naye.

Sato wa Igombe:
Hapo umechanganya watu. Walioana ni wa takwimu. Yule wa Geita aliachwa palepale Nansio, kwenye gati, hata nguo hazijakauka.

Mwalimu wa Zamani:
Vijana, mimi ni wa Butimba, 1996. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei, tukiwa chuoni. Kwaya yetu ya wanafunzi ilikwenda kuimba kwenye maziko Igoma. Hatukuweza kumaliza wimbo. Kuna mwenzetu wa sauti ya tatu alikuwa anamsubiri kaka yake na hiyo meli. Tangu siku ile nikisikia kikundi cha vijana wameahirisha boti ya alfajiri kwa sababu ya chakula, naudhika sana. Aliyepanga hiyo safari alistahili kuitwa kwenye kikao kabla ya mweka hazina.

Mjukuu wa Mvuvi:
Shikamoo mwalimu. Nimepokea. Mhubiri hakuwahi kuulizwa.

Daktari Mtarajiwa:
Mmejadili upepo, hamjajadili kichocho. Mmesimama ziwani kwenye majani mnabatiza watu saa nzima? Kidudu kinatoka kwa konokono wa majini, kinapenya kwenye ngozi bila hata mchubuko. Ukanda huu wa ziwa kichocho cha tumbo ni kingi. Nendeni mkapime, dawa ni prazikwanteli, vidonge vinahesabiwa kwa uzito wako. Na msikimbilie kumeza kesho yake baada ya ubatizo, inaua minyoo iliyokwisha kukomaa, subirini kama wiki 6 hadi 8. Meza ukiwa umeshiba, inazungusha kichwa.

Mpendwa Halisi:
Yohana alibatiza Yordani na hakugawa vidonge.

Daktari Mtarajiwa:
Na wewe choo chako kikiwa na damu usije zamu yangu.

Mzee wa Mkolani:
Batizeni penye mawe na mawimbi, konokono hapendi. Kwenye matete ndiko nyumbani kwake.

Mjukuu wa Mvuvi:
Penye mawimbi mimi sirudi.

Mgeni wa Oktoba:
Samahanini wakubwa zangu, mdogo wangu anaanza chuo huko Mwanza. Ajiunge wapi? Nasikia ziko nyingi.

Katekista Mstaafu:
Kama ni Mkatoliki, TMCS. Asiulize mara mbili.

Binti wa Kirumba:
Msabato ana TUCASA. Makanisa ya CCT, Walutheri, Waanglikana na wenzao, wana USCF. Wapentekoste wengi utawakuta CASFETA. TAFES ni mchanganyiko, madhehebu tofauti wanakaa pamoja. Aende akasalimie, asikilize, asikubali uongozi mwaka wa kwanza. Hasa wa vyombo.

Mama Kulwa:
Akubali. Mimi uongozi ndio ulinifundisha kusimama mbele za watu.

Jicho Kavu:
Asikubali uweka hazina. Na akiambiwa ameonyeshwa mume, aombe aone orodha nzima.

Ngosha wa Buhongwa:
Misheni aende za Sengerema, siku hizi kuna Daraja la Magufuli, kilomita 3, basi linapita juu ya maji nahodha hahitajiki. Sisi Kigongo tulikuwa tunapanga foleni ya kivuko mpaka mahubiri tunayaanzia humo humo kwenye foleni.

Sato wa Igombe:
Kwenye ile foleni ndiko nilikookoka mimi. Hamna pa kukimbilia.

Mgeni wa Oktoba:
Asanteni. Ila mdogo wangu ni wa kiume.

Jicho Kavu:
Basi asioteshwe.

Mwana Malimbe:
@Mjukuu wa Mvuvi hujamalizia. Kinanda kilipona?

Mjukuu wa Mvuvi:
Kilipona kikavu kabisa. Jenereta ndiyo ilikufa. Mbuzi tuliwapa wale watu wa dagaa.

Sato wa Igombe:
Mbuzi wote wawili.