Simba ni wa taifa, mbuzi ni wa mama yangu

Wadau, leo sina salamu. Nimetoka kuona bango barabara ya Lang'ata: simba amekaa, maghorofa ya Nairobi nyuma yake, na maneno eti utalii unaoinua jamii. Jamii ipi?

Mimi napanga mtaa wa South C, Nairobi, lakini boma la mama liko ng'ambo ya mto Mbagathi, upande wa Kitengela. Huko ndiko Mbuga ya Taifa ya Nairobi haina ua. Pande nyingine zina waya. Kusini pako wazi ili mvua zikinyesha nyumbu na pundamilia watoke kwenda nyanda za Kapiti, kwa sababu kilomita 117 za mraba haziwatoshi. Kwa hiyo, hiyo mbuga mnayojivunia tangu 1946 inapumulia kwenye malisho yetu. Mtalii anaingia lango la Lang'ata alfajiri, saa sita mchana yuko mjini anakula nyama choma. Pesa yake haivuki mto. Anayevuka ni simba.

Na si kwamba hakuna aliyeliona hili. Mwaka 2000 ulianza mpango wa kuwalipa wenye ardhi shilingi 300 kwa ekari kwa mwaka, wasijenge ua wala wasiuze. Mia tatu! Linganisheni na dalali anayekuja kila Jumamosi akitaka kukata ploti za futi hamsini kwa mia.

Sasa kisa chenyewe. Februari mwaka juzi simba waliingia bomani usiku, wakaua mbuzi tisa na kondoo wawili. Zile taa za kuwaka na kuzima za kufukuza simba, alizobuni Richard Turere akiwa bado mtoto hapo hapo Kitengela, tulikuwa nazo. Betri ilikuwa imekufa, na betri ni pesa. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inataja fidia ya mifugo, basi tukapiga ripoti. Mama akaambiwa asiguse mizoga mpaka afisa wa wanyamapori afike apige picha. Afisa akafika siku ya tatu. Fisi walikuwa wameshamaliza kazi yao.

"Mama, ushahidi hautoshi."

Nyayo? Mvua ilishazifuta. Fomu ikajazwa hivyo hivyo, chifu akagonga muhuri, na mimi mwenyewe nimeifuatilia ofisini mara nne, kila mara naomba ruhusa kazini. Mara ya mwisho dada wa kaunta aliniuliza kama nina nakala, maana yao haionekani.

Lakini moran, kijana shujaa wa Kimaasai, akishika mkuki tu, magari yanafika kabla ya jua. Mwaka 2012 waliuawa simba sita Kitengela, baada ya mifugo kuliwa, na habari zikazunguka dunia. Sisemi ilikuwa sawa. Hata mzee wangu, ambaye simba wamemtia hasara maisha yake yote, alinyamaza siku nzima. Nasema tu mbuzi wetu hawakuzunguka dunia.

Faida? Ipo, nisiwe mwongo. Mama na majirani waliitwa kwenye warsha hotelini, mama akarudi na fulana ya kijani na kofia. Fulana anaivaa akikamua.

Kama kuna mtu humu aliwahi kulipwa fidia ya mbuzi walioliwa, aniambie alipitia mlango gani na alingoja miaka mingapi. Na wale wa "hameni basi, hiyo ni njia ya wanyama", msijisumbue. Babu yangu alichunga hapo kabla lango halijajengwa.