Mdogo wangu aligongwa na matatu Mtwapa, bima wanataka atie sahihi. Tufanyeje?

BintiKisauni:
Assalaam aleikum. Mdogo wangu ni dereva wa tuktuk. Mwezi uliopita matatu ilimgonga kwa nyuma hapo Mtwapa, mfupa wa paja ukavunjika, akatiwa chuma. Hajatoka wodini, akaja kijana aliyedai ametumwa na wakili, akitaka mgonjwa apige kidole kwenye karatasi. Tukamfukuza. Sasa bima ya ile matatu wamepiga simu: elfu 80 wiki hii, bora atie sahihi fomu yao. Ana watoto wawili na kodi ya nyumba imefika. Achukue? Na wakili wa kweli tutamjuaje?

Dere_wa_Bamburi:
Poleni sana. Mimi ningechukua. Kesi mahakamani huzunguka mpaka mtu akachoka, na watoto wanataka kula leo.

KaraniMkongwe:
Dada, mpe pole mgonjwa. Nimekuwa karani kwa mawakili hapa Mombasa miaka mingi, na kesi za barabarani ndizo nilizoshughulika nazo zaidi. Nakusihi, asitie sahihi. Fomu hiyo ni ya kumaliza madai: akishaikubali, hadai tena hata mguu ukikataa kupona. Na hicho chuma huenda kikahitaji kutolewa baadaye, yaani upasuaji wa pili. Daktari akiandika kwenye ripoti yake kwamba kitatolewa na kitagharimu kiasi gani, kinadaiwa tangu mwanzo. Kisipotajwa kwenye madai, hakimu hatawapa. Nimeona watu wakirudi ofisini na mguu uliovimba na hakuna tena la kuwafanyia. Iliniuma kila mara.

Haraka ni ya bima, si yenu. Sheria inampa miaka 3 tangu siku ya ajali kufungua kesi (ingekuwa gari la serikali, miezi 12 tu). Sasa hivi fuateni abstrakti ya polisi (karatasi ya muhtasari wa ajali), ambayo ina namba ya gari na ya bima, na P3 (fomu ya polisi ya majeraha) ijazwe na daktari. Risiti zote wekeni, hata za dawa na teksi ya kwenda kliniki, maana gharama isiyo na risiti ni vigumu kulipwa. Mapato ya tuktuk nayo yanadaiwa. Chapisheni taarifa yake ya M-Pesa.

Ndugu Dere, njaa ya watoto naielewa. Lakini siku hizi kuna Mahakama ya Madai Madogo. Inapokea madai ya kuumia yasiyozidi milioni 1, sheria inataka iamue ndani ya siku 60, na mtu anaweza kujisimamia. Ila paja lenye chuma laweza kupita kiwango hicho, kwa hivyo wakili aipime kwanza. Bima yenyewe hailazimiki kulipa zaidi ya milioni 3 kwa mtu mmoja. Kinachozidi hudaiwa mwenye gari.

Kuhusu wakili: jina lake litafuteni kwenye tovuti ya LSK (chama cha mawakili wa Kenya), muone kama ana cheti cha mwaka huu. Nendeni ofisini kwake, msikubali kuletewa karatasi na broka. Anayesema "nilipe tukishinda tu, nachukua nusu" muacheni. Kifungu cha 46 cha Sheria ya Mawakili hakitambui mapatano hayo. Ada iandikwe, na kila mnachotoa kiwe na risiti.

BintiKisauni:
Allah akulipe kheri. Abstrakti tunayo, lakini imeandikwa uchunguzi bado unaendelea. Tungoje?

KaraniMkongwe:
Msingoje. Madai ya fidia yana njia yake, hayasubiri kesi ya trafiki. Lakini dereva akishtakiwa, chukueni namba ya kesi na mjue tarehe zake. Akipatikana na hatia, na muda wa rufaa ukapita, hukumu hiyo mtaitumia kwenye kesi yenu. Muulizeni afisa aliyechora ramani ya ajali, yeye ndiye anayejua faili liko wapi.