Mjadala: Kampasi ya Lindi imsomeshe nani?

Mleta mada, Lindi

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinajenga kampasi hapa Lindi, eneo la Ngongo, kupitia HEET, mradi wa serikali wa kuboresha elimu ya juu, ambao Benki ya Dunia iliidhinishia mkopo wa dola milioni 425 mwaka 2021, na fani iliyotangulizwa ni kilimo. Habari hiyo nimeifurahia kama wengine. Lakini udahili wa vyuo vikuu ni wa kitaifa, na aliyemaliza kidato cha sita hutakiwa awe amefaulu angalau masomo mawili kwa jumla isiyopungua pointi 4. Kwa kilimo, masomo hayo kwa kawaida ni ya sayansi. Kijana wa Liwale au Nanyumbu aliyesoma sekondari ya kata isiyo na maabara ataishia kuuona uzio wa kampasi hiyo bila kuingia. Napendekeza ianzishe kozi ya msingi ya mwaka mmoja kwa waliokosa sifa za moja kwa moja, kama ilivyo Chuo Kikuu Huria.

Mchangiaji, Masasi

Ndugu mleta mada, naheshimu hoja yako, ila siiafiki. Chuo kikuu si mahali pa kuziba mapengo ya kidato cha pili. Fedha za kozi hiyo ya msingi zipelekwe kwenye maabara za sekondari na kwenye vyuo vya ufundi vya VETA. Korosho yetu nyingi inasafirishwa ikiwa ghafi kwenda India na Vietnam, na kinachokosekana viwandani ni fundi wa mashine za kubangua, wakati wenye shahada tunao mitaani wakisubiri ajira za serikali.

Mleta mada

Kuhusu fundi tunakubaliana. Hata hivyo, yupo pia anayepaswa kujua kwa nini ugonjwa wa mikorosho wa ubwiri unga unarudi shambani baada ya mkulima kupuliza salfa, na kazi hiyo inahitaji watafiti. Kituo cha utafiti cha Naliendele kiko Mtwara, jirani kabisa, kwa hiyo mwanafunzi wa Ngongo anaweza kufanya mafunzo kwa vitendo kwenye mikorosho yenyewe badala ya kuisoma kwenye picha. Tukisubiri mpaka sekondari zote zitengemae, tutarudia yale ya gesi: mwaka 2013 watu wa Mtwara waliandamana kupinga bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam, mwaka 2015 bomba likakamilika, na katika hasira zile zote (ambazo nilizielewa) ni wachache waliodai vijana wetu wasomeshwe uhandisi wa gesi kabla ya kazi kuanza. Madai ya elimu hayana budi kutolewa mapema, maana mhandisi hapatikani kwa msimu mmoja.

Mzazi, Newala

Wanangu, mnabishana vizuri, lakini hamjagusa ada. Vyuo hufunguliwa Oktoba au Novemba, wakati minada ya korosho ndiyo kwanza inaanza na malipo ya chama cha msingi cha ushirika hayajamfikia mkulima, na mkopo wa Bodi ya Mikopo haumfikii kila mwombaji wala si lazima ugharamie kila kitu. Kozi hiyo ya msingi, kama itakuwapo, nani atailipia? Mimi ningeomba kampasi ya Lindi ipokee ada kwa awamu zinazofuata kalenda ya minada, korosho kwanza, kisha ufuta na mbaazi, na jambo hilo liandikwe kwenye taratibu zake kabla ya udahili wa kwanza.